Nesi Anauza Gari

Siku Nesi aliponiita nyumbani kwake Kaagya, alinipa kazi ambayo hakuna mteja mwingine aliyewahi kunipa. Alitaka gari lake liwe zuri kiasi cha mtu kulinunua, lakini lisiwe zuri kiasi cha mtu kuliazima. Nilicheka. Mimi ni fundi wa kunyoosha bodi na kupiga rangi, kibanda changu kiko Kitendaguro, mjini Bukoba, na masharti ya ajabu nimeyazoea. Yupo mteja aliyetaka gari lake lifanane na la shemeji yake, hata mikwaruzo. Nesi hakucheka. Alisimama mlangoni mwa jiko, mikono kiunoni, akingoja nimwambie kama kazi hiyo inawezekana. Nikamwambia haiwezekani, gari zuri ni zuri kwa wote. Akasema, akichomeka lile waitu letu Wahaya la kumsihi mtu, "Basi litengeneze liuzike. Fanya haraka, waitu, nimechoka."

Neno hilo, nimechoka, nilikuja kulisikia kwake kwa miaka. Hakulisema kwa kulalamika. Alilisema kama mtu anayetaja umri wake, kisha akaendelea na alichokuwa anafanya.

Wote tulimwita Nesi. Jina lake nalijua, lakini sijawahi kulitumia na sitaanza leo. Alikuwa amestaafu kwenye zahanati muda mrefu kabla sijaanza kulishughulikia gari lake, ila kustaafu kwake alikujua yeye na waliomlipa pensheni tu. Mtoto akiunguzwa na uji, kwa Nesi. Mzee akizibwa mkojo, kwa Nesi. Na kwa kuwa upande ule wa kijiji hakukuwa na mwingine mwenye gari, yeyote aliyemshinda yeye aliishia kwenye pikapu yake kuelekea mjini, na yeyote aliyeshindikana hospitali alirudishwa na pikapu hiyohiyo, amelala, amefunikwa. Sisi tunazikwa kwenye vibanja vyetu, karibu na nyumba, kwenye migomba yetu wenyewe. Mtu akifia mjini, au hata Mwanza, lazima arudi. Mama yangu mzazi alirudi nyumbani na pikapu ile. Kwa hiyo nilipokuwa nikikwangua rangi yake ya zamani kwa msasa, sikuwa nakwangua chombo cha mtu nisiyemjua.

Ilikuwa pikapu ya kabini moja, rangi ya maziwa yaliyoanza kuganda. Mlango wa abiria ulifunguka kwa nje tu, kwa hiyo aliyekaa pale alitegemea huruma ya aliye nje. Ubao wa nyuma ulifungwa kwa kamba ya katani. Injini ilikuwa nzima kuliko ilivyostahili, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lake kubwa. Gari ambalo haliwaki lina amani. Lile liliwaka.

Mwanzoni sikumwelewa. Nilimwambia, "Nesi, kama umechoka kubeba watu, si ukatae tu?"

"Nikatae vipi?"

"Useme hapana."

Aliniangalia kama vile nimemwambia aimbe Kilatini kinyumenyume. "Mtu amesimama hapo na mtoto mgongoni anakoroma, na gari liko hapa analiona. Nitasema hapana kwa mdomo upi? Gari likiwa uani, mimi mdomo wa kukataa sina. Gari likiondoka, sina haja ya kusema kitu. Wataona wenyewe."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hauzi gari kwa shida ya fedha. Alikuwa anatafuta namna ya kupumzika bila kumwambia mtu yeyote kwamba anapumzika.

Njia nyingine alishazijaribu. Alisema ufunguo umepotea, na jirani mmoja akaja na bisibisi akaliwasha bila ufunguo, akafurahi sana kwa kumsaidia. Akanipa betri niitunze kibandani kwangu mjini. Ile wiki ya kwanza tu, wenye mgonjwa waliazima betri ya mwenye mashine ya kusaga, wakaibeba kichwani hadi kwake, wakaifunga, kisha wakamwita atoke nje. "Walikuwa wametoka jasho," aliniambia baadaye. "Ningewaambiaje?" Akajaribu kumpa mtu mwingine usukani, kijana wa watu aliyejisifu kuwa aliendesha malori ya kahawa. Klachi ilirudi inanuka hadi barabarani. Tangu hapo hakuna mwingine aliyegusa usukani ule.

Watu wa kijijini walipenda kusema kwamba Nesi analitibu gari lake kama mgonjwa. Maneno matamu, lakini si kweli. Wagonjwa aliwafokea. "Ulikuwa wapi wiki nzima? Unaleta kidonda kikishaoza, mimi ni Yesu?" Gari hakulifokea hata siku moja. Likizimika njiani alishuka, akafungua boneti, akasimama pembeni akiliacha lipoe, huku amekunja mikono. Ilionekana kama na yeye anapoa.

Nilikuwa naenda kwake siku nisizokuwa na kazi na Jumapili baada ya misa. Nilimshauri alilete mjini, tulimalize kwa mara moja. Akakataa. Alidai gari likilala gereji linarudi limebadilishwa viungo, na mimi nikiwa fundi siwezi kumbishia sana kwenye hilo. Basi tulitengenezea nyumbani, chini ya kibanda cha mabati kati ya jiko na migomba, na kutengenezea gari kwenye kibanja ni mateso ambayo siwatakii wenzangu. Majani ya migomba yaliangukia rangi mbichi. Kuku walitembea juu ya boneti na kuacha alama za miguu, hata leo nikifumba macho naziona. Wakati wa kuanika kahawa alinikataza kabisa kupuliza rangi, kwa sababu mikeka ilikuwa imetandazwa uani, na buni hunyonya harufu. "Nani atanunua kahawa inayonuka gereji?" Mvua zikija, rangi haikauki. Kati ya kahawa na mvua, nilikuwa na siku chache za kufanya kazi ya maana, na katika siku hizo chache lazima aje mtu mbio kupitia migombani akiita, "Nesi! Nesi, waitu!"

Ndivyo ilivyokuwa. Namaliza breki, zinaenda Bukoba na mwenye malaria, zinarudi zimejaa tope. Nanyoosha ubao wa nyuma, unabeba jeneza, unarudi umepinda kwa uzito wa waombolezaji waliopanda bila kualikwa. Kila nilipolifanya gari kuwa zima, nilikuwa nalirudisha kazini. Nilianza kuona uvivu wangu ungemsaidia zaidi kuliko ufundi wangu.

Hata hivyo wanunuzi walikuja. Tulikuwa na dalali wa magari, mtu mwepesi, mwenye simu mbili, na anayeita kila mwanamke mama na kila mwanamume bosi. Alijua kazi yake. Kilichomshinda ni kahawa ya Nesi.

Kwetu mgeni akikaa, analetewa buni za kutafuna kabla ya maneno yoyote. Zile zilizochemshwa na majani ya kunukia, zikakaushwa, zikawekwa kwenye kijikapu kidogo. Nyumba nyingi siku hizi zinaleta soda, na buni zinatoka kwenye misiba na posa tu. Nesi hakuwa na soda. Na alikuwa na sheria yake mwenyewe ambayo sijaisikia kwa mwingine: mtu akishatafuna kahawa nyumbani kwake, ni lazima aambiwe ukweli wote. Alinieleza kwamba zamani watu walifanya udugu kwa buni, na waliotafuna pamoja hawakuruhusiwa kudhuriana tena. "Sasa mimi nimpe mtu kahawa, halafu nimuuzie giaboksi inayolia?" Kwa hiyo kila mnunuzi alikaa, akatafuna, kisha akasomewa magonjwa yote ya pikapu kuanzia bampa ya mbele hadi taa za nyuma. Wengi waliaga kabla hajafika kwenye sailensa.

Dalali alimsihi. "Mama, kahawa tuweke baada ya biashara. Mtu akishalipa, mpe hata gunia."

"Akae bure? Midomo mitupu? Watasema nini?"

Dalali akabadili mbinu. Akawa anawaleta wanunuzi wakiwa wamesimama, wana haraka, gari lao linanguruma barabarani. Nesi akawafuata na kijikapu hadi walipo. Mwisho dalali akamfundisha mmoja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aseme kwamba tumbo lake halipatani na kahawa. Lilikuwa kosa kubwa la maisha yake ya udalali. Nesi aliposikia tumbo, akaweka kijikapu chini. Linauma wapi? Kabla ya kula au baada? Usiku linakuamsha? Yule bwana, ambaye nadhani alikuwa anatania tu, akaanza kukumbuka kwamba kweli linamwamsha. Akalazwa kwenye benchi la barazani, akabonyezwa, akaambiwa aende hospitali akapimwe vidonda vya tumbo, apunguze pilipili, aache kula akiwa amesimama. Aliondoka akishukuru, mkono tumboni. Gari hakuliangalia hata kidogo. Dalali alikaa kwenye jiwe akashika kichwa, na mimi nilicheka hadi nikaegemea mlango ule usiofunguka kwa ndani.

Siku nyingine sikucheka. Kulikuwa na shimo la kutu chini ya mlango wa dereva, kubwa la kupitisha ngumi. Niliunga kipande cha bati, nikaweka pati ya kusawazisha, nikasugua, nikapiga rangi. Bila kujisifu, hata mimi mwenyewe ilinibidi nipapase ili nijue mwisho wa bati la zamani na mwanzo wa langu. Akaja mnunuzi mwalimu, mstaarabu, ameshatafuna kahawa. Nesi akachuchumaa, akagonga pale pale kwa kidole. "Hapa kuna shimo. Fundi huyu ameliziba."

Mteja alipoondoka nikamwambia, "Nesi, unaniaibisha mbele ya watu."

"Nimekusifu. Nimesema umeliziba."

"Umemwonyesha kidonda!"

"Sasa kidonda kilichotibiwa kina aibu gani?" Akaingia jikoni kugeuza ndizi. Hasira nilikwenda nayo hadi Kitendaguro.

Na mtu huyu asiyeweza kumdanganya mnunuzi aliwadanganya wagonjwa kila alipopanda nao. Nilisafiri naye mara kadhaa nikiwa nyuma, nimeshika mtu. "Tumefika," alipiga kelele kutoka dirishani, na bado hatujafika hata nusu. "Daktari anakungoja wewe," na daktari hajui kama tumezaliwa. Kwa wanawake wenye uchungu wa kujifungua alisema njia imechongwa, haina makorongo tena, kisha akaliingiza gari kwenye korongo. Nikamuuliza kwa nini ukweli ni wa wanunuzi peke yao. Akasema, "Mgonjwa hanunui kitu. Mgonjwa anataka kufika." Aliona imetosha kama maelezo.

Alikuwa na mambo mengi yasiyopatana namna hiyo. Mafuta ya gari kwenda kumchukua marehemu hakumdai mtu, lakini mkungu wake wa ndizi aliuzia bei ya mjini, na jirani akitaka kupunguziwa aliambiwa akalime. Aliongoza rozari akiwa anaendesha, na katikati ya Salamu Maria alitukana mbuzi waliolala barabarani, kisha akaendelea alipoishia bila kurudia. Hakuruhusu mtu ale kwenye kabini, hata karanga. Damu na matapishi hakuyasemea kitu. Na bei ya gari alikataa kabisa kuitaja kwa Kihaya. Mnunuzi wa kwetu akianza Kihaya, akimwita mawe, yaani mama, yeye alijibu kwa Kiswahili cha shule, kimenyooka, cha kwenye semina. Alisema, "Kwa Kihaya nitampunguzia. Kiswahili hakinijui."

Safari ya Muleba ndiyo iliyonifanya nitake kuacha kazi ile. Dalali alikuwa amepata mtu wa huko, mjenzi, aliyekubali kulinunua bila kuja Kaagya, mradi tumpelekee alione kwa macho. Maana yake hakutakuwa na baraza, hakutakuwa na benchi, hakutakuwa na kijikapu. Tulifurahi sisi watatu kila mmoja kwa sababu yake. Nililiosha gari nikalipiga nta. Nesi akavaa kitenge cha kwenda kanisani. Tulipita mjini, tukapita Kemondo, na karibu na Muhutwe tukaona watu wamejikusanya kando ya lami, pikipiki imelala, na mtu chini anashikilia paja lake.

"Usisimame," nikasema. Nakumbuka sauti yangu. "Nesi, leo usisimame. Kuna magari mengine yanakuja."

Alikuwa ameshakanyaga breki. Zilishika vizuri, nilizitengeneza mwenyewe.

Tuligeuza tukarudi Bukoba na yule mtu nyuma, mguu wake umefungwa kwenye fito mbili na kile kitenge cha kanisani. Alilia njia nzima, na Nesi alimwambia tumefika, tumefika. Pale hospitali ilitubidi tungoje ndugu zake, maana hakuwa na mtu. Mjenzi wa Muleba alipiga simu mara nyingi. Mwishoni Nesi akaipokea mwenyewe, akamweleza kila kitu, hadi habari ya damu. Tulisikia yule bwana akivuta pumzi. Alisema yeye ana watoto wadogo, gari la damu hawezi kulipeleka nyumbani kwake. Nesi akamwambia amemwelewa.

Kurudi Kaagya sikumsemesha. Nilimkasirikia kwa wiki kadhaa, nasema kweli, kana kwamba gari lilikuwa langu na uchovu ulikuwa wangu. Niliona anapenda kuitwa. Niliona mambo haya ya kuuza ni maigizo, na mimi na dalali ndio tunaolipia kiingilio.

Nesi alikuja mwenyewe kibandani kwangu, kwa basi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akakaa kwenye tairi kuukuu. Akaniambia kwamba siku mbili nyuma, wakati wa mvua, alikuwa anateremka ule mlima wa mtoni akirudi nyumbani peke yake, na kulikuwa na mwanamke mbele yake barabarani amebeba nyasi kichwani.

"Sikumwona," alisema. "Nilisikia akipiga kelele ndipo nikavuta usukani. Nyasi zake zilipiga kioo cha pembeni."

"Labda mvua."

"Si mvua. Macho yote mawili yana ukungu, la kushoto zaidi. Nimewaambia watu wengine mara ngapi mambo ya macho? Mimi najua ni nini." Alikuwa anaongea huku akiitazama mikono yake. "Nitaua mtu. Nitamuua mtu nikimpeleka mtu mwingine hospitali. Liuze gari hili, tafadhali. Mimi mwenyewe sina nguvu ya kuwakataa watu."

Nilimwonea huruma kiasi kwamba nilianza kukusanya vifaa vyangu bila sababu. Kuanzia siku hiyo nilifanya kazi nyumbani kwake mfululizo, niliacha hata gari la mteja mwenye kelele likae. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutoa magurudumu yote manne na kulisimamisha gari juu ya magogo. Watu wakija, walikuta halina miguu. Hata hivyo walilizunguka, wakaangalia chini, wakaniuliza nitayarudisha lini. Niliwajibu vibaya. Nilitaka waone aibu, na hawakuona.

Mnunuzi alikuja na mke wake kutoka Kimwani, wakulima wa mpunga, watu wazima wa umri wa kati, wakimya. Dalali alikuwa ameshakata tamaa hata hakuwasindikiza, aliwaelekeza kwa simu. Wakakaa barazani. Kijikapu kikaja. Wote wawili walitafuna pole pole, na mwanamke akauliza hizi zimechemshwa na majani gani, Nesi akamtajia. Kisha ukaanza ule wimbo: giaboksi inalia gia ya pili, mlango haufunguki kwa ndani, rejeta imezibwa, hapa kuna shimo fundi ameliziba, limebeba wagonjwa, limebeba marehemu, limebeba damu. Nilitazama chini, kama mtu anayengoja mvua ipite. Mume alisikiliza yote bila kumkatiza.

Nesi alipomaliza, mume akauliza, "Na zuri lake ni lipi, waitu?"

Katika muda wote ule hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, wala mimi, wala dalali mwenye simu mbili. Nesi aliliangalia gari pale juu ya magogo.

"Asubuhi linawaka," akasema.

Wakalinunua. Nikarudisha magurudumu, mwanamume akaliwasha, likawaka kwa jaribio la kwanza, na mke akaingia upande wa mlango ule mbovu bila kulalamika. Nesi aliwafungia mkungu wa ndizi nyuma na hakuwatajia bei. Walipoondoka alichukua ufagio akafagia pale lilipokuwa linakaa, majani, misumari, vumbi langu la msasa. Mafuta yaliyoingia ardhini hayakufagilika. Aliniambia baadaye kwamba kesho yake alilala hadi jua likaingia dirishani, jambo ambalo hakulikumbuka tangu ujana. Dalali alipata chake, akaja kushukuru, akakaa, akatafuna kahawa bila woga.

Baada ya hapo sikuwa na sababu ya kwenda kwake kila mara. Habari zake nilizozisikia zilikuwa nzuri. Jicho moja lilikuwa limepasuliwa, linaona vizuri. Watu walikuwa wakipita njia ya juu bila kuingia. Nilifurahi, na nilijisifu kidogo, kwa sababu sehemu ya usingizi ule niliiunga mimi kwa pati na bati.

Mwaka huu, baada ya mvua, nilikwenda Kaagya kusafisha kaburi la mama, nikapitia kwake alasiri. Alikuwa barazani anamenya maharage mabichi, amepungua mwili, kitambaa cheupe kichwani. Alifurahi kuniona kwa namna yake, yaani aliniuliza mbona nimenenepa. Nikakaa, nikatafuna, nikamsaidia kumenya. Tulizungumza habari za jicho la pili, kama litapasuliwa kabla ya Krismasi au baada. Nikamuuliza kama amepumzika.

"Nimepumzika," akasema. Na kweli alionekana hivyo. Nilikuwa sijawahi kumwona amekaa chini kwa muda mrefu kiasi kile.

Pikipiki ikasimama barabarani. Mwanamume mmoja wa nyumba za chini, ambaye nilimfahamu kwa sura, akaja mbio kati ya migomba, shati limefunguka. Nikasimama kabla ya Nesi. Nilikuwa nimejiandaa.

"Gari halipo," nikamwambia. "Liliuzwa. Kimwani huko."

"Najua, fundi." Hata hakuniangalia. "Gari tunalo, tumekodi, liko mlangoni kwangu. Nesi, ni mke wangu, mtoto anakuja vibaya, ametanguliza mguu. Amegoma kupanda gari bila wewe. Anasema mpaka wewe uje umshike."

Nesi alikuwa na ganda la harage mkononi, akalifungua, akatoa punje, akazitia kwenye sufuria, akaweka ganda pembeni. Nilitaka aseme hapana. Nilitaka kwa nguvu, kama mtu anavyotaka timu yake ifunge, na nilimchukia yule mwanamume na mke wake ambaye sijamwona. Miaka yote ile tulihangaika na rangi, na breki, na giaboksi, na ulikuwa uongo ambao sote wawili tuliuamini, kwamba watu wanafuata pikapu.

Nesi akaniinulia mkono. Nikamvuta, akasimama kwa magoti yanayolia, akaingia ndani akatoka na sweta. Aliniambia nimalize maharage, nisiyaache kuku wakayala, na nivute mlango nikiondoka kwa sababu hajui atarudi saa ngapi. Nikamsindikiza hadi barabarani. Alisimama mbele ya pikipiki akaitazama, kiti chake chembamba, chuma chake cha nyuma, na mwanamume ameshaiwasha anamngoja.

"Ningejua hivi," alisema, "ningebaki na gari langu. Lile lilikuwa na mlango."

Nikamshika kiuno nikampandisha, akakaa upande, akashika koti la yule bwana kwa mikono yote miwili, akamwambia aende taratibu.